Baba amemkataa mchumba wangu kwa kuwa ni "mkimbizi", kumbe babu naye alivuka mpaka

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa zamu ya usiku, wodi imetulia. Nina miaka 29, ni muuguzi, kifungua mimba katika watoto watano. Kwetu ni Kasulu, mkoani Kigoma. Naomba usitaje jina langu wala la kijiji chetu, utaelewa kwa nini.

Nina mchumba, mwaka wa tatu sasa. Nimwite J. Ni mwalimu wa sekondari, mtulivu, anawatunza wazazi wake. Alizaliwa Mishamo, huko Katavi. Babu na bibi yake walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, baba yake akiwa bado mtoto wa mgongoni. Mwaka 2014 walipewa uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba, pamoja na wenzao wengi. Nimekiona cheti cha baba yake, kimewekwa ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko umewekwa ndani ya Biblia. J mwenyewe Burundi hajawahi kuikanyaga.

Baada ya Pasaka alimtuma mshenga nyumbani na barua ya posa. Baba aliisoma mpaka mwisho, akauliza, "Mishamo? Ile ya wakimbizi?" Kisha akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, akairudisha pamoja na fedha zilizokuwa ndani. "Mwambieni akaoe kwao." Jioni alinikalisha, akaniambia hawezi kumtoa binti yake kwa raia wa karatasi, maana karatasi huandikwa na karatasi hufutwa.

Shangazi, baba yangu si mtu mbaya. Miaka ya tisini alivamiwa barabara ya Kibondo na watu wenye bunduki, wakamnyang'anya baiskeli na fedha za kahawa. Rafiki yake aliyekuwa naye alipigwa risasi, akafa pale pale. Ilisemwa ni watu wa kambi za wakimbizi. Nasi tumeona jinsi misitu ya kuni ilivyokwisha. Hata hivyo, mama alilipa ada zetu kwa kuuza migebuka kwenye soko la pamoja la Nyarugusu, kabla halijafungwa, na wateja wake walikuwa hao hao watu wa kambini.

Baba alikuwa mwenyekiti wa kitongoji kwa miaka mingi. Mwaka 2013, wakati wa Oparesheni Kimbunga, ule msako wa wahamiaji haramu, alikuwa mmoja wa walioitwa kusema nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji. Nilikuwa sekondari. Nakumbuka mwanamke mmoja alikuja usiku na kuku chini ya kanga, akapiga magoti mlangoni. Baba hakumpokea kuku. Sikujua mwanamke yule aliishia wapi.

Sasa sikia kilichonileta. Bibi mzaa baba tunaishi naye. Alimpenda J tangu siku ya kwanza. J alimsalimu "Mwakeye" kwa Kirundi chake, bibi akajibu kwa Kiha chetu, wakazungumza mpaka chai ikapoa, hakuna aliyehitaji mkalimani. Posa iliporudishwa, bibi aliniita chumbani, akaniambia nivute kopo la maziwa ya unga lililo chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa kadi ya rangi ya udongo, imechakaa kingo. Ni kipande cha babu cha mkonge, yaani kadi yake ya kibarua. Kina namba, kina jina ambalo silo tulilomjua nalo, na penye kabila pameandikwa "Mrundi".

Bibi anasema babu alivuka Malagarasi akiwa kijana, akaandikishwa kazi huku, akasafirishwa hadi mashamba ya mkonge ya Korogwe. Mkataba ulipoisha hakurudi kwao. Alikuja Kasulu na blanketi, taa ya chemli na baiskeli, akamwoa bibi, ambaye ni Mha wa hapa hapa, akapewa shamba na wazee, akabadili jina. Baba alizaliwa 1957. Bibi aliniapisha nisiseme. "Ukisema, watatufukuza sote."

Kwenye kikao cha ukoo cha mwezi uliopita, baba mdogo alisema wakimbizi wanatuharibia damu. Kadi nilikuwa nayo kwenye mkoba. Niliufungua mkoba mara mbili, nikaufunga mara mbili. J hajui lolote. Wazazi wake wanasema wamekwisha kukataliwa, hawatarudi kuomba. Shoga yangu ananishauri tukafunge ndoa ya serikali, yaishe. Mimi nawaza kumwekea baba kile kipande mezani, mbele ya watu, nimuulize: na wewe ukaoe wapi?

Nifanyeje, Shangazi?

Binti wa Kasulu

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale ulipofungua mkoba na kuufunga. Ulibeba kitu kinachoweza kuigeuza nyumba nzima, ukakaa nacho kimya huku mtu anazungumza habari za damu. Pole. Na usijione mwoga kwa kuufunga.

Kama nimekuelewa, unabeba mizigo miwili, nayo imefungwa kwa kamba moja. Mmoja ni posa iliyorudishwa. Wa pili ni siri ya bibi. Hasira inakuambia wa pili ni ufunguo wa ule wa kwanza: ukimwonyesha baba kwamba na yeye ametoka kwa mtu aliyevuka mpaka, hoja yake itakufa na J ataingia. Inawezekana. Ila naomba tuifungue kamba hiyo polepole, kwa sababu ndani yake naona mambo kadhaa tunayoyadhania tu.

La kwanza, una hakika gani kwamba baba hajui? Mtoto aliyezaliwa 1957, akakua na baba aliyebadili jina, asiye na baba mkubwa wala shangazi wa kwenda kuwasalimia sikukuu? Watoto huyaona hayo. Nimerudia maneno yake: karatasi huandikwa na karatasi hufutwa. Huenda alikuwa anaisema ya J. Huenda pia alikuwa anazungumza kama mtu anayeogopa karatasi tangu utoto. Aliyeitwa mwaka 2013 kusema nani mwenyeji alikuwa na sababu kubwa kuliko mtu yeyote ya kuonekana mwenyeji kupita kiasi. Sisemi ndivyo ilivyo, simjui. Nasema tu kwamba kama anajua, kipande mezani hakitamfundisha kitu. Kitamvua nguo mbele ya wadogo zake.

La pili ni hofu ya bibi. Usiichukulie kama woga wa uzee. Bibi amekaa nchi hii macho wazi. Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi anayejulikana nchi nzima, mtu aliyekwisha kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, aliambiwa na serikali kwamba si raia. Kama yule aliambiwa, bibi wa kijijini Kasulu atajionaje? Kisha 2013 aliona majirani wakivuka na magodoro kichwani, wengine wakiwa na makaburi ya wazazi wao upande huu. Wewe ulimwona yule mwanamke mwenye kuku. Na bibi alimwona.

Ila hofu ya kweli inaweza kukaa mahali ambapo sheria imeacha mlango wazi. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, kanuni ilikuwa kwamba aliyezaliwa nchini anakuwa raia siku hiyo, isipokuwa kama wazazi wake wote wawili walizaliwa nje. Isome tena: wote wawili. Baba yako alizaliwa Kasulu 1957. Mama yake, huyo bibi wa kopo, ni Mha wa hapo hapo. Kwa jinsi ninavyoielewa, uraia wa baba yako ulikaa kwenye mgongo wa mama yake tangu siku ile, hata kama babu angetoka mwezini. Mimi si mwanasheria, na mambo haya yana nukta zake. Nenda kwa wakili, au kituo cha msaada wa kisheria, umsimulie bila kutaja majina. Fanya hivyo kabla hujafungua mdomo popote. Bibi amelala juu ya hofu hiyo miaka zaidi ya sitini, na inawezekana yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kinga ya nyumba muda wote. Angestahili kuambiwa akiwa hai.

La tatu, hilo neno "Mrundi" kwenye kadi. Karani wa mkonge aliuliza, akaandika, akaita mwingine. Bibi anasema babu alivuka Malagarasi, namwamini. Lakini kabla ya vita vya kwanza vya dunia Buha, nchi ya Waha, na Burundi zote zilikuwa ndani ya himaya moja ya Wajerumani. Wabelgiji walipoingia waliishika mpaka Kigoma yenyewe, na hawakuikabidhi kwa Waingereza hadi 1921. Mtawala aliitwa mwami ng'ambo zote mbili. Ndiyo maana J na bibi hawakuhitaji mkalimani. Watu wa ofisini walichora mstari, na babu yako alipouvuka mto alikuwa anakwenda mahali ambapo salamu ni ile ile.

Tena aliitwa, mwanangu. Hili linanigusa sana, niruhusu nikae hapa kidogo. Wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kutafuta vibarua, SILABU, na mawakala wake walizunguka Kigoma, Ruanda-Urundi na kwingine wakikusanya vijana. Kila mmoja alipewa namba, ndipo likazaliwa neno manamba. Kipande kilikuwa cha siku 30 za kazi, na siku isiyokamilika haikuhesabiwa. Mwanzoni mwa miaka ya sitini nchi hii ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, tani zaidi ya 200,000 kwa mwaka, na mkonge ndio uliokuwa ukiongoza kwa kutuletea fedha za kigeni. Shule zetu za mwanzo za uhuru zina jasho la watu waliovuka Malagarasi na Ruvuma. Huko Tanga, Mha na Mrundi walilala kambi moja na kuitwa jina moja, na lilipotamkwa mjini halikuwa la sifa. Baba yako mdogo anayesema habari za damu, baba yake aliwahi kuwa mgeni wa kunyooshewa kidole Korogwe.

Nami nikuambie yangu. Mimi ni Mngoni wa Songea. Babu zetu walitoka kusini kabisa mwa Afrika, wakavuka Zambezi Novemba 1835, siku jua lilipopatwa, wakasonga hadi Ufipa, na baada ya kiongozi wao Zwangendaba kufariki wengine wakashuka hadi Songea. Hawakuja na kipande. Walikuja na mikuki, wakachukua ng'ombe na watu. Leo nikitaja kabila langu mtu ananitania tu, kama ni Mhehe ananitania zaidi, maana babu zetu walipigana. Afisa akinisikia ni Mngoni haniulizi babu aliingia kwa kibali gani. Kwa sababu gani wangu wamesahauliwa kuwa wageni, na babu yako aliyekuja kukata mkonge anafichwa kwenye kopo? Sina jibu zuri. Nadhani ni kwa sababu mimi siishi karibu na mpaka, na wewe unaishi.

Lakini kumbukumbu hiyo haimfuti yule rafiki wa baba aliyekufa barabarani. Hofu ya baba ina kaburi, na lazima uliheshimu kabla hujamwomba chochote. Waliompiga risasi walikuwa watu wenye bunduki. Baba wa J wakati huo alikuwa Mishamo, na wale wa makazi ya 1972 walikuwa wamekwisha kupewa ardhi, wanalima mahindi na tumbaku na kuwalisha wengine. Kosa la baba ni kuwaweka wote ndani ya neno moja, la wakimbizi. Sisi wengine pia hulitumia hivyo hivyo, kila siku, bila kufikiri.

Sasa njia zilizo mbele yako, kama ninavyoziona.

Ipo ya kikao, kipande mezani. Naielewa ladha yake. Ungepata dakika moja ya ushindi. Hatari yake ni kwamba siri iliyosikiwa na watu kumi haina mwenyewe tena. Kijijini kuna waliopoteza ndugu mwaka 2013 na wanaomkumbuka baba alikuwa upande gani, na mmoja wao akitaka kulipa, hatalipia kwa baba peke yake, hata kama sheria iko upande wenu. Na bibi atajua ni wewe. Utapata mume na kumpoteza bibi, ambaye ndiye mtu pekee nyumbani aliyemkaribisha mume huyo.

Ipo ya ndoa ya serikali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikulazimishi kupata ridhaa ya mzazi kwa umri wako. Wapo waliofanya hivyo, na mjukuu wa kwanza akafungua mlango uliofungwa. Wapo pia ambao mlango haukufunguka, msiba ukatokea nao wakakaa nje ya uzio. Jiulize kama unaweza kuishi na uwezekano huo wa pili. Pia muulize J, kwa sababu yeye ndiye atakayeonekana amekuja kuchukua bila kupewa, jambo ambalo wanaowaogopa wageni husema kila siku.

Ipo ya wazee. Mshenga kurudishwa mara moja si mwisho wa posa. Je, kuna baba mkubwa, paroko, mzee wa kanisa, au rafiki wa zamani wa baba anayeweza kumwomba aonane na J hata mara moja, bila barua? Sijaona popote kwenye barua yako kwamba baba amewahi kukaa na J. Bibi alikaa naye, chai ikapoa. Lakini njia hii ni ndefu, na wazazi wa J wamechoka kabla haijaanza. Unaweza kuipitia mwaka mzima na usifike.

Halafu ipo ya kuzungumza na baba peke yake, wewe na yeye, bila kadi mkononi. Si lazima uanze na siri. Unaweza kuanza na swali ambalo mtoto yeyote anaruhusiwa kuuliza: "Baba, babu alikuwa mtu wa namna gani? Huko mkonge aliishije?" Kisha usimsaidie, umwache aseme au anyamaze. Akisema, utakuwa umeipata siri kutoka kwa mwenyewe na kiapo chako kwa bibi kitakuwa salama. Akikasirika na kufunga mazungumzo, nalo ni jibu la aina yake, ingawa linaweza kumfanya aanze kumkazia bibi macho. Hatari hiyo ipo, sikufichi.

Katika njia zote hizi, bibi yuko njiani. Alikupa kopo kwa mkono wake, siku ile ile posa iliporudishwa. Kisha akakuapisha. Mbona alikupa? Mtu anayetaka siri ife huichoma moto, na jiko lipo. Labda alitaka tu ujue kwamba hukukosea kumpenda huyo kijana. Labda alikuwa anamtafuta mtu wa kumsemea. Mimi siwezi kukukisia moyo wa bibi wa Kiha kutoka huku Dar es Salaam, lakini wewe unalala nyumba moja naye. Muulize. Mwambie habari ya 1961 na wazazi wawili, kwa maneno ya kawaida, baada ya kuonana na wakili. Hofu ikipungua, huenda kiapo akakilegeza mwenyewe. Asipokilegeza, utabaki nacho, na utalazimika kumtetea J kwa hoja nyingine.

Kuhusu J: unamficha siri hii ili kumlinda bibi, na hiyo ni sababu ya heshima. Ila mkija kuoana atabeba aibu ya kuwa mgeni pekee ndani ya ukoo, akiwa si pekee. Fikiria ni lini atastahili kujua, na kama bibi angependa amwambie mwenyewe, kwa Kiha chake.

Na mimi nina ombi. Kipande hicho usikipige picha ya simu, wala usimtumie mtu, hata mimi usinitumie. Kirudishe kwenye kitambaa, kitambaa kwenye kopo. Kisha usiku mmoja ambao huna zamu, kaa na bibi umuulize jina la ule mlima aliotoka babu. Warundi hutaja mlima wao kama sisi tunavyotaja kijiji, na lazima babu alimwambia mkewe. Bibi asipolitaja, litaondoka naye. Liandike mahali unapopajua wewe tu.

Niandikie tena ukishaonana na wakili. Nitakuwa nangoja.

Shangazi